Kupunguza Maumivu si Kuukimbia Msalaba



Goma inaujua moto. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wetu. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ule ukalipuka tena. Hata pasipo volkano, sufuria ya maji ya moto hutosha kumfikisha mtoto hospitalini. Naye aliyeungua huumia tena na tena, kila mara kidonda kinaposafishwa na kufungwa upya.

Huko Seattle, Marekani, watafiti Hunter Hoffman na David Patterson walitafuta njia ya kuwasaidia wagonjwa wa namna hiyo. Mgonjwa huvaa kifaa kama miwani mikubwa, akajiona yumo ndani ya ulimwengu uliochorwa na kompyuta; huo ndio uitwao uhalisia pepe. Mwaka 2000 ilichapishwa habari ya vijana wawili, wa miaka 16 na 17, ambao maumivu yao yalipungua walipovaa kifaa hicho wakati wa kutibiwa vidonda. Baadaye ukaundwa ulimwengu wa theluji, SnowWorld, ambamo mgonjwa hurusha mabonge ya theluji huku muuguzi akiendelea na kazi. Dawa haikuondolewa, kifaa kiliongezwa juu yake. Maumivu hudai usikivu wetu, na usikivu wa mwanadamu una kikomo. Sisi walimu twalijua hilo darasani.

Wengine watauliza: je, Mkristu hapaswi kuvumilia? Yezu mwenyewe, pale Golgota, aliikataa divai iliyotiwa manemane. Ndiyo, aliikataa kwa ajili yake. Hakumnyima mgonjwa yeyote nafuu. Msamaria wa mfano wake aliyatia majeraha mafuta na divai, wala hakumhubiria majeruhi uvumilivu. Naye Papa Pio XII, akijibu maswali ya madaktari tarehe 24 Februari 1957, alifundisha kwamba ni halali kuyatuliza maumivu kwa dawa. Kuyatolea mateso kwa Mungu ni hiari ya anayeteseka. Hakuna mwenye haki ya kumtwika mwenzake msalaba kwa jina la imani.

Kando ya vitanda vya wagonjwa nimesikia mara nyingi mtoto akiambiwa: «Nyamaza, wewe ni mwanaume.» Neno hilo huurudisha usikivu wake wote kwenye kidonda, tena humwongezea aibu.

Shirika letu halina miwani ile, lakini lina vijana. Mwendapo kuwatembelea wagonjwa, mwombeni muuguzi ruhusa kwanza. Akikubali, kaeni upande wa kichwa cha mtoto, mtegeeni vitendawili, mwombeni awasimulie habari za ziwa au za wadogo zake, imbeni naye kwa sauti ya chini. Akilia, mwacheni alie. Na dawa ya maumivu ikikosekana, saidianeni na familia yake kuitafuta, kwa maana hadithi nzuri haichukui nafasi yake. Kazi hiyo nayo ni sala.