Ukucha Mnene wa Njano: Usipake Dawa ya Viazi

Leo naweka mahindi pembeni nizungumze nawe habari za miguu yako, maana kila nikizunguka kwenye vinyungu huku Nyololo naona jinsi inavyoteseka. Mtu anasimama kwenye tope la bondeni tangu asubuhi hadi alasiri, mguu umo ndani ya gambuti. Juni na Julai baridi yetu hairuhusu buti iliyoloa kukauka usiku mmoja, hivyo kesho yake anaivaa ikiwa na unyevu uleule. Fangasi hawahitaji zaidi ya hapo: giza, joto la mguu na majimaji.

Mara nyingi wanaanza kwenye ngozi, hasa kati ya kidole cha nne na kile kidogo cha mwisho. Panawasha, panachubuka na kuwa peupe, panatoa harufu. Wengi wetu tunakuna na kuendelea na kazi. Kutoka hapo wanapenya chini ya ukucha kwa mbele au pembeni. Ukucha unageuka mweupe au wa njano, unanenepa, unameguka, na chini yake kunajaa ungaunga. Cha kidole gumba ndicho hushikwa sana.

Sasa wewe ni mkulima, kwa hiyo hili utalielewa upesi. Jani la nyanya lililokwisha kuungua kwa ukungu halirudi kuwa zima hata upulize nini. Unachookoa ni majani mapya. Ukucha nao uko hivyo. Sehemu iliyoharibika haiponi. Inasukumwa mbele polepole nawe unaikata, nyuma yake unakuja ukucha mpya, na kazi ya dawa ni kuhakikisha huo mpya unatoka safi. Ukucha wa mguu hukua kama milimita moja na nusu tu kwa mwezi, hivyo ule wa kidole gumba huchukua miezi 12 hadi 18 kujibadilisha wote. Wa kwangu nilianza kuutibu wakati wa kupanda mahindi. Tukavuna, tukapanda tena, na kipande cha mwisho chenye unjano nilikikata mahindi ya msimu wa pili yakitoa mbelewele. Anayekuahidi wiki mbili anakuuzia maneno.

Niseme linalonikera. Kuna watu wanachukua dawa ya ukungu ya viazi, yenye mankozebu, wanaikoroga kwenye kifuniko na kupaka vidoleni. Hoja yao ni kwamba ukungu ni ukungu. Hapana! Dawa ile imetengenezwa ikae juu ya jani, haipenyi ukucha, na inawasha na kuchubua ngozi. Ndiyo maana tunakuambia uvae glavu unapoichanganya. Wengine wanatumia maji ya betri. Hayo yanaunguza nyama, na kama una kisukari, kidonda cha namna hiyo kinaweza kukuondolea mguu mzima.

Kabla hujanunua chochote, hakikisha kwanza ni fangasi. Karibu nusu ya kucha zilizoharibika sura si fangasi. Inaweza kuwa buti inayobana, jembe lililokuangukia mwaka juzi, ugonjwa wa ngozi uitwao soriasisi, au funza, ambaye ni mdudu na hutolewa kwa njia yake. Zahanati ikikuelekeza hospitali yenye maabara, nenda. Watakata kipande cha ukucha na kukitazama kwa hadubini. Gharama yake si kitu ukilinganisha na kumeza vidonge miezi mitatu kwa ugonjwa usiokuwa nao.

Na kuna alama moja ambayo haina kusubiri: mstari mweusi au wa kahawia kwenye ukucha mmoja, unaozidi kupanuka, au weusi unaotambaa hadi kwenye ngozi ya pembeni. Hiyo yaweza kuwa saratani ya ngozi, nayo kwetu watu weusi hupenda kutokea nyayoni na chini ya kucha. Bob Marley alikutwa nayo kwenye kidole gumba cha mguu mwaka 1977, akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36.

Ikithibitika ni fangasi, dawa inayotegemewa zaidi ni vidonge vya terbinafini, miligramu 250 mara moja kwa siku kwa wiki 12. Krimu kama klotrimazoli inafaa kwa ngozi ya katikati ya vidole, lakini ukucha mnene hauupenyi vizuri. Terbinafini inaandikwa na daktari, kwa sababu mara chache huumiza ini, na vizuri ini lipimwe kabla. Mwambie ukweli kuhusu ulanzi. Najua msimu wake ukifika ni nani anayeuacha. Mjamzito na anayenyonyesha wamweleze pia. Ukimaliza wiki 12 ukaona ukucha bado mbaya, usidhani dawa imeshindwa. Inabaki ndani ya ukucha kwa muda, ikiendelea na kazi. Tazama kule kwenye shina, je, unaoota ni safi?

Ukipewa vidonge vya ketokonazoli dukani kwa ajili ya kucha, kataa. Tangu mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya visitumike kwa kazi hiyo, kwa sababu ya madhara makubwa kwenye ini. Ndugu yangu mwenye duka la dawa, hili nawe linakuhusu.

Mzee ambaye ukucha haumuumi, hana kisukari na miguu yake ina hisia kamili, anaweza kuamua kutotibu. Akate ukucha, aukaushe, akae nao. Sioni ubaya.

Lakini dawa bila kukausha buti ni hasara, fangasi watarudi. Ukitoka kinyunguni vua gambuti, toa maji, jaza magazeti ndani, kisha zipindue kwenye vijiti mahali penye hewa. Asubuhi toa magazeti. Ukiweza kuwa na jozi mbili ni bora, moja ivaliwe nyingine ikauke. Soksi za pamba badilisha kila siku, zifue kwa maji ya moto. Osha miguu jioni na ukaushe katikati ya vidole kwa kitambaa chako mwenyewe. Bafuni vaa kandambili. Wembe au kikatia kucha kisizunguke nyumba nzima, na yule kijana anayepita kusafisha kucha mpe cha kwako. Kama mwenzio au watoto wanawashwa vidoleni, tibuni pamoja.

Wewe unayeuza viatu vya mtumba pale njia panda ya Igowole, vifungue na uvianike juani kabla hujavipanga, maana fangasi wa mwenye kiatu wa kwanza wanaweza kubaki humo. Na wewe unayenunua, usijaribishe kiatu mguu mtupu. Njoo na soksi mfukoni.