Shule Iliyo Kifuani

Sisi walimu twadhani mitihani yetu ni mikali, lakini iko shule ipitayo zetu. Nyuma ya mfupa wa kidari pana tezi iitwayo thaimasi, ifundishayo chembe nyeupe za damu, yaani chembe T. Isiyozitambua alama za mwili hufa. Izishikayo kwa ukali nayo huuawa, isije ikawa adui wa nyumbani. Katika 100, zaidi ya 90 hazitoki hai, wala hakuna kurudia darasa. Waganga walidhani tezi hiyo haina kazi, hata mwaka 1961 Jacques Miller, huko Uingereza, alipowatoa panya wachanga thaimasi, nao wakadhoofika.

Zilizofaulu, baadhi huua chembe zilizoingiwa na virusi. Nyingine hupiga mbiu kuwaita wenzao. Hizi za mbiu ndizo ziharibiwazo na virusi vya UKIMWI. Ndipo kifua kikuu kilicholala mapafuni huamka.