Chumba cha Nyuma: Mpangaji au Shemeji?

Watu wengi wanaotaka kununua nyumba kwa mkopo Nairobi na vitongoji vyake hufanya hesabu moja. Mshahara utalipa nusu na wapangaji watalipa nusu. Chumba kimoja utakipangisha kwa shilingi 9,000, kingine 9,000, na baada ya miaka michache nyumba itakuwa imejilipia yenyewe. Ni hesabu tamu. Mimi na mume wangu, Baba Neema, tuliifanya usiku mwingi watoto walipokwisha kulala.

Wala si hesabu mpya. Mtaa wa Dandora ulipoanzishwa katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, waliopewa viwanja walitarajiwa kujenga vyumba, waishi katika kimoja na kupangisha vingine ili wapate pesa za kulipa deni. Umoja nako kuna wenye nyumba waliojibana na watoto wao katika chumba kimoja, vilivyosalia wakawapa wapangaji. Kwa hivyo mtu asikuambie kwamba kukaa na mpangaji nyumbani mwako ni aibu. Kuna watoto wengi wa Eastlands waliosomeshwa kwa kodi ya chumba cha pili.

Lakini benki haina habari na hesabu za usiku. Tulipokwenda kuomba mkopo, afisa mmoja kijana, mpole sana, alitaka kuona hati za mshahara za miezi sita. Tukamweleza kuhusu wapangaji wetu. Akauliza, "Wako wapi?" Tukamjibu kwamba watakuja tukishahamia. Akatabasamu, na penye nafasi ya mapato mengine akaandika sufuri.

Mkopo ulikuwa wa jina la Baba Neema, ambaye ni mwalimu, kwa kuwa kandarasi yangu hufanywa upya kila mwaka na benki ile haikutaka kusikia habari zake. Naye tayari alikuwa akikatwa mkopo wa Sacco, na Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato kupita thuluthi mbili za mshahara.

Hebu tazama takwimu zenyewe. Mkopo wa shilingi milioni 4 wa miaka 20, kwa riba ya asilimia 14, hulipwa karibu 50,000 kila mwezi. Ukimaliza utakuwa umelipa karibu milioni 12. Kwa riba ya asilimia 9.5, malipo ni 37,000 na ushei. Riba ya chini namna hiyo hupatikana kwa baadhi ya mabenki na Sacco ambazo hupata fedha kutoka kwa Kenya Mortgage Refinance Company, kampuni iliyoanzishwa 2018 kwa madhumuni hayo. Sisi tulipata hiyo ya 9.5, lakini hata hivyo milioni 4 zingetufanya tuwategemee wapangaji wawili ambao hatujawaona kwa macho. Tukapewa milioni 3, malipo karibu 28,000 kwa mwezi. Nusu milioni tukatoa wenyewe, mbali na shilingi 140,000 za ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani ya nyumba, na ada za wakili. Ndugu msomaji, hizo za kando ndizo humwangusha mtu akiwa tayari amefika mlangoni.

Nyumba iko Athi River. Vyumba viwili vya kulala, na nyuma ya jikoni chumba kimoja cha nje chenye mlango na choo chake. Chumba hicho ndicho kilicholeta maneno.

Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani bila idhini ya mke au mume wa anayekopa. Kwa hivyo ingawa mkopo haukuwa wangu, sahihi yangu ilihitajika. Wiki hiyo hiyo mama mkwe alipiga simu kutoka Vihiga.

"Mama Neema, nimefurahi mmepata nyumba. Nasikia ina chumba cha nje. Mungu ni mkubwa. Mdogo wake Baba Neema atakuja mwezi ujao kutafuta kazi."

"Asante mama," nikamjibu. Sikuongeza neno. Mtu habishani na mama mkwe kwa simu.

Shemeji wangu ni kijana mwema na sina ugomvi naye. Lakini chumba kile tulikuwa tumekipangia 8,000 kwa mwezi. Hizo ni 96,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya malipo ya miezi mitatu ya benki. Nilipomwambia Baba Neema hivyo, alinyamaza kwa muda kisha akauliza, "Nitamwambiaje ndugu yangu kwamba mtu wa kando analala kwangu, naye hana pa kulala?"

Ni swali gumu, na sidhani kuna afisa wa benki anayeweza kulijibu. Nilimwonyesha karatasi za mkopo. Ukishindwa kulipa, benki hukupa ilani ya miezi mitatu, halafu ilani nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza nyumba. Nikamwambia, "Hapo wewe, mimi, watoto na ndugu yako, sote tutakosa pa kulala." Nikasema pia kwamba sitatia sahihi hadi tukubaliane juu ya chumba hicho. Marafiki zangu wawili waliniambia nilikuwa mkali. Yamkini. Hata hivyo sahihi hutiwa mara moja tu, na baada yake hakuna mtu anayekuuliza maoni yako kwa miaka 20.

Tulichukua siku nne. Makubaliano yakawa kwamba shemeji atakuja, atakula nasi na kulala sebuleni hadi apate kazi. Chumba cha nje kitapangishwa. Kodi yake haitaguswa kwa unga wala nyama, bali itawekwa katika akaunti ya kando hadi ifikie malipo ya miezi mitatu. Habari hizo Baba Neema alizipeleka Vihiga mwenyewe. Mke hafai kutumwa kwa mama mkwe na ujumbe kama huo.

Mpangaji tuliyempata ni msichana anayeshona nguo katika kiwanda kimoja cha EPZ. Tuliandikiana mkataba wa mwaka mmoja, kwani mwenye nyumba iliyowekwa rehani hapaswi kupangisha kwa muda unaozidi mwaka bila idhini ya maandishi ya anayemdai. Tukaweka mita ndogo ya stima ili kila mtu anunue tokeni zake, maana stima huvunja ujirani upesi kuliko kodi. Kuhusu ushuru, anayekusanya kodi ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka amekuwa akitozwa asilimia 7.5 tangu Januari 2024. Sisi hatufiki huko, lakini 96,000 zetu huandikwa katika ripoti ya ushuru ya kila mwaka.

Jambo ambalo hakuna hesabu iliyonitayarishia ni ufunguo wa lango. Msichana huyu hutoka zamu usiku, na mwezi wa kwanza sikupata usingizi hadi nisikie komeo likirudi mahali pake. Sasa Neema ndiye humsubiri, kwa kuwa humfunza kushona.

Sheria ya Marekani ya AGOA, iliyoruhusu nguo zetu kuingizwa huko bila ushuru, ilipofikia mwisho wa muda wake Septemba 2025, alikuja jikoni akaniambia kwamba zamu zimepunguzwa na kodi itachelewa. Alilipa nusu mwezi huo, na nusu ya pili baada ya wiki tano. Benki haikujua lolote, kwani 28,000 zilikatwa katika mshahara kama kawaida. Kama tungekuwa na ile nyumba ya milioni 4, ningekuwa nimesimama mlangoni pake kila asubuhi kama dalali.

Shemeji naye amepata kazi katika ghala moja huku huku Athi River, na bado yuko sebuleni. Anasema mkataba wa msichana ukiisha, chumba kiwe chake, naye atalipa 8,000 kama mtu mwingine yeyote. Baba Neema anasema 5,000 zinatosha. Mama mkwe amepiga simu kuuliza ni tangu lini ndugu akamtoza ndugu yake kodi. Nimewaambia wazungumze wao watatu, na wakiafikiana waniletee jibu kwa maandishi.