Guillaume na William ni jina moja, lakini kompyuta haijui

 Leo nataka tuongee juu ya majina. Siyo majina ya ukoo, yale kila mtu anajua alikoyatoa. Naongea juu ya yale tunayoyaita majina ya kizungu, ama majina ya ubatizo: Robert, Richard, Bernard, Gérard, Guillaume, Frédéric, Mathilde, Gertrude. Pale kwenye bomba la maji hapa Nakivale, ita "Robert!" kwa sauti, uone ni watu wangapi watageuka.

Wengi wetu tunaamini majina haya yametoka kwenye Biblia. Fungua Biblia toka Mwanzo mpaka Ufunuo, Robert hutamwona. Joseph, Daniel, Esther, Marie, hao wamo. Robert na wenzake wana ukoo mwingine kabisa. Walizaliwa kwa makabila ya kale ya kaskazini mwa Ulaya, yale ambayo lugha zao zilizaa Kijerumani, Kiholanzi, Kiingereza, Kiswidi na nyingine za upande ule. Wataalamu wanaziita lugha za Kijermaniki. Watu hao walianza kupeana majina haya wakati bado hawajabatizwa. Baadaye wakawa Wakristo, wengine wakawa watakatifu, na Kanisa likayapokea majina yao. Ndiyo maana padre anayatoa leo kama majina ya dini.

Jinsi yalivyotengenezwa ni rahisi kuelewa. Unachukua vipande viwili vya maneno, unavifunga pamoja. Robert ni sifa na mng'ao. Bernard ni dubu na imara. Frédéric ni amani na mtawala. Henri ni nyumbani na mtawala. Guillaume ni nia na kofia ya vita. Gérard ni mkuki na imara. Wasichana nao hawakuachwa nyuma: Mathilde ni nguvu na vita, Gertrude ni mkuki na nguvu. Kwa hiyo ile Gertrude mpole anayeimba kwaya jirani yetu amebeba mkuki miaka yote na hajui.

Sasa wewe unayesoma Kiingereza hapa Uganda, angalia vizuri. Vipande hivyo bado viko hai ndani ya Kiingereza cha kila siku. Ule mng'ao wa Robert ni "bright". Dubu wa Bernard ni "bear". Ule uimara wa Bernard, Gérard na Richard ni "hard". Nyumbani ya Henri ni "home". Na kile kipande cha utawala ndani ya Richard na Frédéric ni ndugu wa "rich", maana zamani neno hilo lilimaanisha mwenye mamlaka kabla halijawa la mwenye pesa. Ukijifunza majina ya watu wa familia yako, tayari umejifunza maneno matano ya Kiingereza bila kulipa mwalimu.

Watu wale walikuwa na desturi nzuri. Mtoto angeweza kuchukua kipande kwa baba na kipande kwa mama. Kule Uingereza, katika karne ya 11, alikuwepo askofu wa Worcester aliyeitwa Wulfstan. Baba yake alikuwa Æthelstan, mama yake Wulfgifu. Nusu ya mama, nusu ya baba. Ukisikia jina lake, umesikia nyumba aliyotoka.

Hiyo siyo ajabu kwetu. Sisi Wanande, jina la mtoto wa kiume linaonyesha zamu yake ya kuzaliwa. Wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo. Mtu akikuambia jina lake, umejua ana wakubwa wangapi. Na ng'ambo ya mpaka, upande wa Kasese, wako ndugu zetu Wakonzo. Watu ni wamoja, mpaka ndio ulitukata katikati. Kwao Kambale anaitwa Bwambale, Kasereka ni Masereka, Kakule ni Kule, Katembo ni Thembo. Shikeni hilo, nitalirudia.

Majina yale ya mikuki yalifikaje kwa Wanande? Yalipita Ufaransa. Wafranki, mmoja wa makabila yale, waliingia nchi ambayo leo tunaiita Ufaransa, wakaitawala, wakaiachia hata jina lao. Lugha yao wenyewe ikapotea polepole, lakini majina yao na maneno mengi yakabaki ndani ya Kifaransa. Wabelgiji wakayaleta Kongo pamoja na ubatizo na bunduki. Mfalme wao Leopold II, aliyeishika nchi yetu kama mali yake toka 1885 mpaka 1908, jina lake lina kipande cha "watu" na kipande cha "shupavu". Wazee wetu waliokatwa mikono kwa ajili ya mpira hawakuuona huo ushupavu kwa ajili ya watu. Ziwa letu la uvuvi nalo likaitwa Edward, kwa heshima ya mwana wa malkia wa Uingereza. Edward ni mali na mlinzi. Walinzi wamepita wengi pale, mali sijui nani anaila.

Halafu akaja Mobutu. Mwaka 1972 serikali yake ikataka kila raia wa Zaire aache jina la kizungu. Mapadre walitishiwa kifungo wakibatiza mtoto kwa jina la namna hiyo. Yeye mwenyewe aliacha Joseph-Désiré. Babu yangu aliamka asubuhi moja kwenye karatasi za serikali siyo Bernard tena. Bibi aliendelea kumwita Bernard jikoni, kwa sauti ya chini. Miaka ya 1990 majina hayo yakarudi, ndiyo sababu kizazi cha baba zetu wadogo kimejaa tena akina Gérard.

Waingereza nao waliwahi kupitia mambo kama hayo. Mwaka 1066 Wanormani kutoka kaskazini mwa Ufaransa walivuka bahari, wakaishinda Uingereza. Baada ya vizazi vichache, majina ya zamani kama Æthelstan yakaanza kupotea, na watoto wa Waingereza wakaitwa William, Robert, Richard na Henry, majina ya waliowashinda. Edward lilipona, kwa sababu lilikuwa jina la mfalme aliyetangazwa mtakatifu. Kumbe hata wenye Kiingereza chao walibadilishiwa majina na mwenye nguvu.

Hapo ndipo mambo ya herufi yanaingia. Wafaransa wengi walishindwa kutamka "w" ya Wafranki, wakaitia "g" mbele, ikawa "gu". Wanormani wao waliacha "w" kama ilivyo, na hiyo ndiyo ilivuka kwenda Uingereza. Kwa hiyo Wilhelm akawa Guillaume Paris na William London. Walter akawa Gautier. Neno la vita likawa "guerre" kwa Kifaransa na "war" kwa Kiingereza. Mtu ni yuleyule, vita ni ileile, mlango tu ndio tofauti.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili linaniuma. Nimebadilisha majina kidogo ili kulinda familia, lakini mambo yenyewe ndiyo hayo.

Mtoto wa baba yangu mkubwa anaitwa Kambale Guillaume. Siku tulipokimbia alipotezana na mama yake njiani. Alikuwa na miaka 15. Alivukia Kasindi, akatokea Mpondwe upande wa Uganda. Aliyemwandikisha alikuwa kijana wa roho nzuri, Mkonzo. Aliposikia jina akacheka kwa furaha: "Kambale? Basi wewe ni Bwambale kama mimi! Na Guillaume, huku tunasema William." Akaandika Bwambale William. Mtoto amechoka, ana njaa, mkubwa anamtabasamia kwa mara ya kwanza baada ya siku nne. Angebishana vipi?

Mniangalie hapo. Yule kijana hakukosea tafsiri. Kambale ni Bwambale kweli. Guillaume ni William kweli. Mwalimu wa historia ya lugha angempa alama zote.

Miezi minane baadaye mama yake akaingia Uganda kwa njia nyingine. Akaenda kuuliza: "Natafuta mtoto wangu, Kambale Guillaume." Wakatafuta kwenye kompyuta. Hayupo. Akarudi wiki nyingine, mtu mwingine akatafuta. Hayupo. Mama akaanza kulia matanga moyoni. "Niliambiwa hayupo," alituambia baadaye, "na mimi nikajua neno hayupo lina maana gani kwetu."

Kijana alipatikana kwa sababu mama mmoja wa kwetu, anayeuza ndagala sokoni, alimwona akipita na kumtambua kwa sura ya marehemu baba yake. Hawakuunganishwa na kompyuta, waliunganishwa na ndagala. Kuziunganisha karatasi zao kulichukua muda mrefu zaidi ya kuungana wenyewe.

Baba yangu mdogo alipata la aina nyingine. Yeye ni Gérard, kwenye kadi wakaandika Gerald. Watu wanasema ni kitu kimoja. Hapana. Gérard ni mkuki na imara, Gerald ni mkuki na utawala. Ni majina mawili tofauti toka zamani, yamefanana kama ndugu wa mama wadogo. Lakini hata kama yangekuwa kitu kimoja, diploma yake ya sekondari inasema Gérard, na alipoomba kazi ya kufundisha walimwambia hiyo diploma ni ya mtu mwingine. Alilipia kiapo mahakamani, akapanda gari mara tatu, na nafasi ikaenda kwa mwingine.

Ndiyo maana nasema: historia ya jina inasamehe, kompyuta haisamehi. Historia inajua Guillaume na William ni mtu mmoja. Kompyuta inasoma herufi tu.

Tufanye nini basi? Mimi nimeona Kiingereza chenyewe kinaweza kutusaidia, hasa sisi tuliosoma Kifaransa. Maneno ya Kiingereza yako kama ya makundi mawili. Yale mafupi ya nyumbani, mengi ni ya Kijermaniki: "water", "bread", "salt", "soap", "fire", "mother", "child", "night", "help". Yale marefu ya ofisini, mengi yalitoka kwa Kifaransa na Kilatini: "registration", "document", "protection", "decision", "signature". Hata "refugee" ni la Kifaransa. Liliingia Kiingereza miaka ya 1680, wakati Louis XIV alipowaondolea Waprotestanti wa Ufaransa haki zao mwaka 1685 na wakakimbilia Uingereza na kwingine. Jina la Louis lina maana ya sifa na vita. Amezaa wakimbizi, na wakimbizi wakazaa neno letu.

Kwa hiyo usiogope Kiingereza cha ofisi. Yale maneno marefu umeshayaona darasani kule Beni, Bukavu, Uvira au Bujumbura. Yanayotutega ni yale mafupi.

Jifunze sentensi hizi mbili kwa moyo: "My name is wrong. I request a correction." Ya kwanza yote ni maneno mafupi ya Kijermaniki, ya pili imebebwa na maneno mawili yaliyopitia Kifaransa. Zote mbili ni zako.

Na kabla ya kuweka kidole kwenye mashine, fanya haya. Andika jina lako mwenyewe kwenye kipande cha karatasi, umpe anayeandika, usimtamkie tu. Omba aigeuze skrini usome herufi moja moja. Watoto wadogo wanaosafiri peke yao, waandikie jina lao na la mama yao kwenye karatasi na ushone ndani ya nguo. Ukiwa unatafuta ndugu, taja sura zote za jina lake: Guillaume, William, Kambale, Bwambale, hata Gulliaume ya kukosewa.

Nanyi ndugu wa mashirika, tafadhali, msitutafsirie majina hata kwa upendo. Mtu akisema Étienne, msiandike Stephen. Akisema Kasereka, msiandike Masereka. Na mama akija kutafuta mtoto, kabla hamjamwambia hayupo, jaribuni na jina la ng'ambo ya mpaka.

Guillaume sasa ana miaka 19. Kadi yake imeshasahihishwa. Marafiki zake wa shule wanamwita Willy, na hilo amelikubali mwenyewe.