Nyumba ya Mbatian na Barabara ya Namanga

Ndugu zangu wa Kitengela na Kajiado,

Nawaandikia kutoka Aberdeen, Uskoti. Msimu wa likizo ukifika huku, magari hufuata barabara ya A93 kando ya mto Dee hadi Balmoral na Braemar, na kinachowavuta wengi ni ukoo wa kifalme. Albert, mume wa Malkia Victoria, alinunua Balmoral mwaka 1852, kasri la sasa likakamilika 1856, na Malkia Elizabeth II akafia humo Septemba 2022. Njiani upo mji mdogo wa Ballater, ambako maduka hutundika nembo ya kifalme kwa kuwa yameuzia kasri hilo bidhaa. Lakini kasri lenyewe si la kale, kwani lilijengwa oloiboni Mbatian, kiongozi wa kiroho wa Wamaasai, akiwa hai huko kwetu. Njia hii imepata thamani kwa sababu watu waliamua kuunganisha mto, kanisa, stesheni ya zamani na bucha vikawa kisa kimoja, ambacho mgeni hukifuata kwa gari huku akiacha pesa kila anaposimama.

Kajiado ina kisa kizito kuliko hicho. Mbatian alipofariki karibu na mwaka 1890, wanawe Olonana na Sendeyo waligombania urithi wake. Olonana aliegemea kwa Waingereza, nao wakamtambua kuwa chifu mkuu. Sendeyo na wafuasi wake wakawa upande wa Wajerumani kwa miaka kadhaa. Mkataba wa 1904 uliwatoa Wamaasai katika malisho yao ya Bonde la Ufa na kuwagawa kati ya Laikipia na hifadhi ya kusini. Ule wa 1911, mwaka aliofariki Olonana, ukawang'oa na huko Laikipia. Mmaasai Ole Njogo na wenzake walipoupinga mahakamani mwaka 1913, walishindwa. Yapangeni hayo barabarani yawe njia ya wageni kama ile ya Balmoral: Ngong, alikoishi Olonana, kisha Kiserian hadi Isinya, ambako anayetoka Nairobi kupitia Kitengela anaungana na msafara, halafu mji wa Kajiado, ndani ya iliyokuwa hifadhi ya kusini, na mwisho Namanga, chini ya Ol Doinyo Orok, kwenye mpaka wa wakoloni uliowakata Wamaasai vipande viwili. Mwingereza Halford Mackinder alivipa vilele vya Mlima Kenya majina ya Batian na Lenana, yaani Mbatian na Olonana, mwaka 1899, na wapanda milima wa dunia nzima wanayajua. Ila mtalii wa Amboseli anaweza kupita Kitengela hadi Namanga asiyasikie hata mara moja.

Najua mtakaponikatiza. Mtasema Wamaasai hawakuwa na mfalme, na ni kweli: oloiboni aliongoza kwa maombi na utabiri, mambo ya kila siku yakabaki kwa wazee na marika, na cheo cha chifu mkuu kilitoka kwa Waingereza. Basi njia iitwe ya nyumba ya oloiboni, na tofauti hiyo ielezwe tangu kituo cha kwanza. Wengine watasema Olonana aliitia mkono hati iliyotupokonya ardhi, kwa nini aenziwe? Kumweleza mtu si kumtukuza. Leo Kitengela inapokatwakatwa kuwa ploti na kuzungushiwa ua, hati za 1904 na 1911 ni somo ambalo kila muuzaji na mnunuzi wa shamba anapaswa kulijua. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la heshima: makaburi na mahali pa ibada si pa kupigia picha. Nakubali, na ndiyo maana wazee ndio waamue gari lisimame wapi na lipite wapi. Hata Balmoral ina milango isiyofunguliwa kwa mgeni.

Gharama ya kuanza si kubwa: lami ipo, malori na matatu tayari yanapita, wauza shanga na nyama choma wapo. Vinavyokosekana ni vibao, wasimulizi waliofundishwa na makubaliano kati ya kaunti, wazee na wafanyabiashara. Kitengela inavumilia msongamano na vumbi la wanaokwenda Amboseli. Ina haki ya kuwapa sababu ya kusimama, na kisa hicho kisimuliwe na wenyewe kabla wenye magari ya watalii hawajakitunga kwa niaba yao.

Wenu wa ughaibuni,
Aberdeen