Besi ya Mjomba na Sabufa Mbili

Leo sina siasa wala ushauri wa viza. Nataka kuwasimulia habari ya sabufa mbili zilizoko sebuleni kwangu hapa Leeds, maana kila mgeni akiingia ananiuliza, "We bwana, kachumba kadogo hivi, sabufa mbili za nini?" Wengine wanadhani ni ushamba. Basi kaeni niwaeleze, na humo humo mtanisikia nikikiri uongo niliomwambia mtu mzima.

Mjomba wangu wa Morogoro alikuwa mpiga besi. Si Msondo wala Sikinde, hapana. Ilikuwa bendi ndogo ya kiwanda, enzi zile ambapo viwanda na mashirika ya umma vilikuwa na bendi zao, kama Urafiki Jazz ilivyokuwa ya kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Dar. Bendi ya mjomba ilikufa zamani, kilichobaki ni kaseti moja ya mwaka 1984. Mwaka 2021 alipata kiharusi, mkono wa kushoto ukalegea, ule wa kubana nyuzi. Gitaa akaliuza. Mwaka 2023 binamu yangu akaihamishia ile kaseti kwenye kompyuta, akanitumia. Haikupita siku mbili, mjomba akapiga simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umesikiliza?"

"Nimesikiliza."

"Ule wimbo wa mwisho, magitaa yakishachemka, umesikia ninavyofanya pale?"

"Nimesikia mjomba, ni balaa!"

Jamani, sikusikia kitu. Nilisikia magitaa, nikasikia saksafoni na waimbaji, lakini pale anaposema mwenyewe mimi niliona besi imenyamaza kabisa. Nilijibu vile kumfurahisha tu. Na kweli alifurahi, akacheka kama zamani. Nilipokata simu nikajiona mwizi. Mzee hana tena mkono wa kupigia, ananiuliza jambo moja tu, na mimi nampa jibu la kumpa mtoto pipi.

Kumbe masikio yangu hayakuwa na kosa. Nilikuwa na spika mbili za mtumba, zile za njia mbili, yaani kila boksi lina spika ya chini ya kubeba sauti nzito na za kati, na juu yake kale kadogo ka sauti nyembamba tunakoita twita. Ni spika nzuri, waimbaji wanasikika kama wako mbele yako. Lakini spika ya chini ina upana wa sentimita 13 tu. Ikifika mitetemo 60 hivi kwa sekunde inaishiwa nguvu, wakati uzi mnene kabisa wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, unatoa mitetemo 41. Kwa hiyo mjomba alikuwa anapiga, ila alikuwa amekwenda mahali ambapo spika zangu hazifiki.

Nikanunua sabufa moja, kubwa, ya mtumba pia, nikaisukumia kwenye kona. Nikakaa kwenye kochi langu katikati ya chumba. Bado! Nikaongeza sauti. Bado! Lakini nikisimama ukutani ilikuwa inaunguruma kama lori linapanda mlima. Basi nikawa naongeza tu, mpaka siku moja saa nane mchana mlango ukagongwa.

Alikuwa jirani yangu, mama mmoja muuguzi. Nyumba zetu hizi mnazijua, zimeshikana mstari mzima, ukuta wenu ndio ukuta wao. Hakupiga kelele. Aliniambia anafanya zamu za usiku, mchana ndio usiku wake, na kwa wiki nzima kitanda chake kinatetemeka. Macho yake yalikuwa mekundu. Mimi nilikuwa najiona sina hatia, kwa sababu nilijua sheria ya kelele ya hapa ya mwaka 1996, ile inayohesabu saa za usiku kuwa saa 5 usiku hadi saa 1 asubuhi. Ila sheria ya mazingira ya mwaka 1990 inaweza kukubana kwa kero ya saa yoyote, hata mchana. Na hata kama isingekuwepo, utamwambia nini mtu anayekesha na wagonjwa, halafu wewe unamnyima usingizi? Nilimwomba radhi, nikazima.

Aliyenitoa gizani ni mshikaji wangu mmoja Mkenya, anasoma uhandisi. Wenzetu hawa seti nzima wanaiita wufa. Alizunguka chumba akipima kwa hatua, akaanza kucheka. "Wee, hii wufa umeiweka kwa kona, karibu na ukuta wa huyo mama. Yeye anasikia yote, wewe husikii kitu!"

Akanieleza hivi. Sauti ya mitetemo 41 ina wimbi lenye urefu wa zaidi ya mita 8. Chumba changu, kutoka dirishani hadi ukuta wa jikoni, ni mita 4 na kidogo. Kwa hiyo nusu ya wimbi inajaa ukuta hadi ukuta, inanguruma kule kwenye kuta mbili, na katikati inabaki kama shimo. Kochi langu lilikuwa ndani ya shimo lile. Kuongeza sauti hakufukii shimo, kunaongeza tu mngurumo kwenye kuta. Tukajaribu kusogeza kochi hadi ukutani, besi ikawa uji mtupu, noti zote zinafanana. Tena sauti nzito hupenya ukuta kirahisi kuliko sauti nyembamba, ndiyo maana kwa jirani husikii maneno ya wimbo, unasikia dum dum tu.

Dawa yake, akasema, ni sabufa mbili ndogo zinazofanana. Moja katikati ya ukuta wa dirisha, nyingine katikati ya ukuta wa jikoni, zitazamane. Zikisukuma kwa pamoja, ule mwendo wa kupanda huku na kushuka kule unakosa nafasi, shimo linajaa. Na pale katikati ya kuta ziko mbali na ukuta wa jirani, na kila moja inafanya kazi kidogo tu.

Nikaiuza ile kubwa, nikapata mbili ndogo kwa pauni 70, jasho la wikendi mbili za ghala. Amplifaya yangu ina tundu moja la sabufa, nikanunua waya wa kugawa. Tukawasha. Besi ikapotea kabisa, afadhali hata ya mwanzo! Nusura nilie. Mkenya akainama nyuma ya ile ya jikoni, akakuta kile kiswichi cha 0 na 180 kiko kwenye 180, yaani moja inasukuma wakati nyingine inavuta, zinauana pale pale kwenye kochi. Akakirudisha kwenye 0. Vifundo vya kukatia tukaviweka karibu na 60, pale spika zangu zinapoanza kuchoka, sauti tukaipunguza mpaka usijue kuwa sabufa zimewaka, na chini yake tukaweka sponji nene ili sakafu isibebe mtetemo.

Kabla ya wimbo wa mjomba nikaenda kugonga kwa yule mama. Nikamwomba akae chumbani kwake mimi nipige muziki, anipigie simu akisikia chochote. Alipiga baada ya dakika kumi, akauliza mbona sijaanza. Hata hivyo tulikubaliana: siku akitoka zamu, sabufa zinazimwa mpaka jioni.

Ndipo nikauweka ule wimbo wa mwisho. Magitaa yakachemka, nikajiandaa kwa ule ukimya. Haukuwepo. Mjomba alikuwa ameshuka hadi uzi mnene, akabaki na noti moja hiyo hiyo, taratibu, wakati wenzake wote wanakimbia juu yake. Hakuna mbwembwe hata moja. Ukiitoa noti ile, bendi nzima inaelea hewani, kama ilivyokuwa inaelea kwangu siku zote.

Nikampigia. Baada ya shikamoo nikamwambia, "Mjomba, siku ile nilikudanganya. Sikusikia. Nilidhani umenyamaza."

Kimya kidogo. Kisha akauliza, "Na leo?"

"Leo nimesikia. Unashuka chini kabisa, unapiga noti moja mpaka mwisho."

"Watu walikuwa wanadhani nimechoka," akasema. "Nilikuwa nawashikilia." Halafu akataka nimwimbie kwa mdomo, nikamwimbia, duum, duum, naye akawa anagonga kitu kwa mkono wa kulia huko Morogoro, bila kuchelewa hata mara moja.

Basi hizo ndizo sabufa zangu mbili. Mkipita Leeds karibuni, chai ipo na wimbo upo. Ila mje jioni, mama wa watu awe ameshaamka.