Mcheza Kwao Hutunzwa, Mpanda Farasi Je?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mcheza ngoma hubandikwa noti kwenye paji la uso, mwimbaji hutupiwa shilingi jukwaani, na mfungaji bao hubebwa juu kwa juu. Je, msomaji, mpanda farasi hutunzwa nini?

Nauliza kwa sababu katika mbio za farasi dau huwekewa mnyama. Jina la farasi ndilo unalotaja dirishani unaponunua tikiti, na mwenye farasi ndiye anayekabidhiwa kikombe. Hata hivyo, nenda uwanja wa Ngong, Nairobi, siku ya mbio, usimame kwenye ua karibu na mstari wa mwisho. Utawasikia mashabiki wakipaza sauti kumwita aliye mgongoni, tena kwa jina lake la kwanza, kana kwamba ni ndugu yao. Siku moja nilimuuliza mzee aliyesimama kando yangu sababu ya jambo hilo.

"Mwanangu," akanijibu huku akikunja karatasi yake ya ratiba, "farasi ni wa tajiri. Huyo kijana aliye juu ndiye wetu."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za wapanda farasi waliopendwa na umma miaka nenda miaka rudi, na nimetambua jambo moja. Sisi mashabiki ni wepesi wa kupenda, lakini ni wazito wa kulipa deni la mapenzi hayo.

Tuanze na Mwingereza Fred Archer. Tangu 1874 hadi 1886 alikuwa bingwa wa wapanda farasi nchini mwake, miaka 13 mfululizo, na alishinda mbio 2,748. Lakini Archer alikuwa mrefu, na mpanda farasi mrefu ana adui mmoja mkubwa: mizani. Kila farasi hupangiwa uzani atakaobeba, na mpandaji hupimwa pamoja na tandiko lake kabla ya kutoka na baada ya kurudi. Ili asizidi, Archer alijinyima chakula, akakaa katika bafu za mvuke atokwe na jasho, tena akanywa dawa kali za kuendesha. Mwezi wa Oktoba 1886 alijikondesha kupita kiasi ili ampande St Mirin katika mbio za Cambridgeshire. Akashindwa kwa urefu wa kichwa cha farasi tu. Siku chache baadaye, akiwa na homa kali na majonzi ya mkewe aliyefariki miaka miwili nyuma baada ya kujifungua, alijitoa uhai. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Waliomshangilia waliona ushindi. Njaa hawakuiona.

Sasa hebu tuvuke bahari hadi Marekani. Mbio maarufu za Kentucky Derby zilipoanza mwaka 1875, mshindi alikuwa Oliver Lewis, mtu mweusi. Kati ya wapanda farasi 15 walioshindana siku hiyo, 13 walikuwa weusi. Aliyependwa kuliko wote baadaye ni Isaac Murphy, aliyeshinda mbio hizo mwaka 1884, 1890 na 1891. Wengi wa ndugu hawa walikuwa watoto wa watumwa, na kazi ya kutunza farasi waliirithi utumwani. Katika mbio 28 za kwanza za Derby hiyo, 15 zilishindwa na watu weusi.

Je, mapenzi ya mashabiki yaliwakinga? La hasha! Ubaguzi ulipozidi, walisukumwa nje ya mchezo mmoja mmoja. Jimmy Winkfield alishinda mwaka 1901 na 1902, na baada yake hakuna Mmarekani mweusi mwingine aliyewahi kushinda. Winkfield alihamia Urusi, akawa nyota huko, mapinduzi yakamtorosha, akaishia Ufaransa. Mwaka 1961, akiwa mzee, alialikwa katika mji wa Louisville kwenye karamu ya heshima, katika jimbo lile lile alikozaliwa na kupata sifa. Alipofika hotelini na binti yake, walizuiwa mlangoni kwa sababu ya rangi yao, na ikabidi waeleze kwamba wao ni wageni walioalikwa ndipo waruhusiwe. Mcheza kwao hutunzwa, lakini huyu kwao alifungiwa mlango. Naye Murphy, aliyefariki mwaka 1896, kaburi lake lilisahaulika hata likatafutwa upya katika miaka ya 1960.

Sisemi kwamba mashabiki hawana utu. Wapo waliopendwa kwa subira. Gordon Richards alikuwa bingwa wa Uingereza mara 26 na alishinda mbio 4,870, lakini Derby ya Epsom ilimpiga chenga mwaka baada ya mwaka. Mashabiki hawakumcheka, walingoja naye. Aliposhinda hatimaye juu ya farasi Pinza mwezi wa Juni 1953, katika jaribio lake la 28, umati ulimshangilia ingawa aliyeachwa nafasi ya pili alikuwa farasi wa Malkia Elizabeth, aliyetawazwa siku nne tu kabla ya mbio hizo.

Wapo pia waliosamehewa. Lester Piggott alishinda Derby hiyo mara tisa, ya kwanza mwaka 1954 akiwa kijana wa miaka 18. Hakuwa msemaji, masikio yake hayakusikia vizuri na ulimi wake ulikuwa mzito. Hata watu wasiojua farasi ana miguu mingapi waliweka dau lao la mwaka kwa yeyote aliyepandwa na Lester. Mwaka 1987 alifungwa jela kwa kukwepa kodi. Mwezi wa Oktoba 1990, akiwa na miaka 54, alirudi mashindanoni, na kabla ya wiki mbili kupita akashinda mbio kubwa huko New York juu ya farasi Royal Academy. Alipofariki mwaka 2022, walioomboleza walizungumzia Derby zake kuliko jela yake.

Lakini tazama ni nani hasa aliyejua deni la mpanda farasi. Septemba 1996, Frankie Dettori, Mwitaliano mcheshi anayependwa na wengi, alishinda mbio zote saba za siku moja pale Ascot, na wachukuaji dau wakapoteza mamilioni ya pauni. Mwezi wa Juni 2000 ndege ndogo aliyopanda ilianguka Newmarket, na rubani akafa. Aliyemburuta kutoka katika mabaki hayo si shabiki wala tajiri. Alikuwa Ray Cochrane, mpanda farasi mwenzake, aliyekuwa ndani ya ndege hiyo hiyo. Uwanjani walikuwa wapinzani, katika dhiki wakawa ndugu.

Naye Rachael Blackmore wa Ireland alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda Grand National, mbio za kuruka viunzi zilizoanza mwaka 1839. Alishinda Aprili 2021 juu ya farasi Minella Times, wakati wa maradhi ya Korona, na majukwaa yalikuwa matupu. Hapakuwa na umati wa kumpigia makofi, ila alipanda vile vile, kwa moyo ule ule. Ama kweli, mpanda farasi hatuhitaji sisi kama tunavyomhitaji yeye.

Ngong nako, uwanja ulio hapo tangu 1954, wapo vijana walioanza kama masaisi, wakizoa samadi zizini kabla ya mapambazuko, kisha wakapanda. Kila mbio zinapoanza, gari la wagonjwa huenda nyuma yao. Jiulize, msomaji, ni kazi ngapi unazozijua ambazo mtu akianza zamu, gari la wagonjwa humfuata?

Kwa hivyo, ukiwapeleka watoto Ngong Jumapili moja, usiwaonyeshe aliyeshinda pekee. Baada ya mbio subirini kidogo. Waonyesheni yule aliyemaliza wa mwisho, amejaa vumbi, tandiko mkononi, akielekea kwenye mizani kama mwenzake aliyeshinda. Huenda hajala tangu jana. Huenda tikiti yako imechanika kwa sababu yake. Mwite kwa jina lake la kwanza, kama ulivyomwita alipokuwa akiongoza, umwambie pole kwa kazi.